Mistari Mitatu ya Mwaloni

Mwanangu, ipo siku moja ya kule Igogo, kando ya ziwa, inayonijia kila nikisinzia. Asubuhi, ukungu mzito, ziwa halionekani, sauti za watu tu. Ndiyo kwanza nilikuwa nimefikisha umri wa kupiga kura. Tulimchagua mwenyekiti wa mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na kura yenyewe ilikuwa kupanga mstari nyuma ya umtakaye. Mstari mrefu kuliko mingine umeshinda, hata usipofika nusu ya watu.

Tajiri mmoja mwenye mitumbwi aliutaka uenyekiti ili mchanga tuliokuwa tukianikia dagaa augeuze gati lake. Sisi waanika dagaa tulikuwa wengi kuliko watu wake. Lakini ebo! Wakerewe tukajipanga nyuma ya shangazi yangu, Wajita nyuma ya mgombea wao, Mama Bwire, kila upande unaimba kwa kilugha chake, raha tupu. Mstari wa tajiri ukatupita sisi, ukawapita na wao. Niliogopa sana, maana dagaa hao ndio waliokuwa wakitulisha.

Shangazi akageuka, akatutazama. Halafu akaondoka mbele yetu, akapotelea ukunguni, akaenda kusimama nyuma kabisa ya mstari wa Mama Bwire.

"Shangazi, unatuacha?" nikalia.

"Acha kelele, njoo! Jua linalokausha dagaa wao si ndilo linalokausha wetu?"

Tukamfuata, wengine wakinung'unika. Mstari wa Mama Bwire ukaupita wa tajiri, mchanga ukabaki wetu. Ila nisikufiche: shangazi hakugombea tena, na shida za Wakerewe peke yao hazikupata msemaji. Aliumia.

Sasa nasikia vijana wa Mkolani mnataka chama chenu, kisa wa Kisesa si wenzenu. Hebu tulieni. Ulizeni kwanza kura zinahesabiwaje. Pale anayeongoza anapochukua vyote, wadogo huungana au humezwa, na aghalabu hubaki vyama viwili vikubwa. Viti vikigawanywa kwa kadiri ya kura, hata mdogo hupata chake, na vyama huwa vingi. Kisha ulizeni kinachowatenga ni nini hasa. Kikiwa ni maisha yenu, kipiganieni, hata kwa kudai kanuni ibadilishwe. Kikiwa ni kilugha cha bibi tu, unganeni na wenzenu mapema.

Mungu awape kusikilizana, mwanangu, na siku mtakayoshinda awajalie huruma kwa waliowaachia nafasi.