Tanga Nililoliruka

Nilipokuwa na miaka saba, mwanamke hakuruhusiwa kuruka tanga uani kwetu, mtaa wa Gerezani. Likitandazwa kushonwa, mimi na Bibi tulipita kando ya ukuta, hata kama tunakimbilia choo. Babu, fundi wa matanga, aliamini kwamba tanga lililorukwa na mwanamke hupasuka baharini.

Siku ile niliruka. Nilibanwa na mkojo, na tanga lilijaza ua mzima, kuanzia upande unaofungwa kwenye foromali, ule mti mrefu unaolibeba, mpaka pembe ya demani, kamba ya kulivutia. Nahodha aliyekuja kulichukua alikuwa mlangoni.

"Mzee, umeona? Silitaki tena!"

"Mtoto huyu, nahodha. Hata meno hajamaliza kuota."

"Mwanamke ni mwanamke. Nina roho za watu sita chomboni."

Babu alinishika shingo. Dawa ilikuwa kulamba sifa, mafuta ya papa yanayopakwa mbao za chombo. Kopo lilikuwa limeota utando, na nzi wawili walikuwa wamezama ndani. Alichovya kidole, akakisukuma mpaka kooni mwangu.

"Meza. Ukitapika tunaanza upya."

Nilitapika. Tukaanza upya.

"Haya, huyo sasa baharia!" nahodha alicheka, akalibeba tanga lake.

Wiki haikuisha. Walilitweka, upepo ukalijaza, likaachia. Walirudi wote salama, kwa makasia. Nahodha alilibwaga uani kwetu. "Kisirani cha mjukuu wako hiki!"

Nililitazama. Kitambaa hakikuchanika popote, ilifumuka mishono. Uzi wake niliujua, maana Babu alinituma mimi kuununua Kariakoo: uzi mwembamba wa magauni, unaong'aa, ulioingia na bidhaa za nje wakati wa ruksa, biashara ilipofunguliwa. Zamani alishonea uzi mnene wa pamba, akiupaka nta. Kidole cha Babu kilipita juu ya mshono, kikasimama. Aliona.

"Watoto wa siku hizi, nahodha," alisema kwa upole. "Nitafanyaje?"

Sidhani kama alinichukia. Alihitaji mtu wa kubeba kosa lake, na mtoto wa miaka saba habishi. Bado harufu ya samaki hunijaza mate machungu, lakini sauti ile ya upole hunitia kinyaa zaidi.

Nilimpenda, ndiye aliyenifundisha kusoma. Ila msibani kwake, wazee walipoanza kuusifu ufundi wake, nilitoka nje nikatema mate.