Mafiga ya Mama Mkwe

Miaka ile wakimbizi walipojaa Ngara, mimi nilikuwa mtaalamu. Nilihudhuria semina ya siku nne ya kujenga majiko ya udongo yanayokula kuni kidogo, nikapewa fulana na daftari, na tangu hapo hakuna aliyepika mbele yangu bila kusahihishwa. Kambini niliwafundisha akina mama kuloweka maharage, kupasua kuni na kuzianika, kufunika chungu. Vilima vilikuwa vimebaki vipara na kuni zilikuwa mwendo wa nusu siku, kwetu wenyeji na kwa wageni vilevile. Kwa hiyo nilichosema kilikuwa kweli, ila labda sikupaswa kukisema kwa sauti ile.

Tatizo lilikuwa nyumbani. Mama mkwe, tuliyeishi naye, alipikia mafiga matatu ya mawe, na magogo aliyasukuma chini ya chungu mazima mazima, kana kwamba anachoma matofali. Nikimweleza, ananisikiliza kwa upole wote, kisha anaongeza gogo.

Siku moja mwanafunzi wangu mmoja, mama wa makamo kutoka Burundi, akaniuliza jiko langu mwenyewe likoje. Nikajibu kwamba ni zuri ajabu. Akafurahi, akasema Jumamosi anakuja kijijini kwetu kutafuta kibarua cha kulima, basi atapita kuliona.

Jumamosi, mama mkwe alipokwenda gulioni Kabanga, niling'oa mafiga yake, nikayatupa nje kwenye migomba, nikaanza kukanda udongo huku naimba. Mimi nimezaliwa Nyamigogo, Biharamulo, na nyumbani kwetu jiwe lilikuwa jiwe tu. Ukoo nilioolewa haukuwa hivyo. Kwao mafiga huwekwa na mwanamke siku anapopata nyumba yake, na hayatolewi nje mpaka azikwe au afukuzwe. Semina haikugusia hilo.

Mama mkwe alirudi mapema. Alisimama kwenye migomba akiyatazama mawe yake. Aliingia chumbani, akafunga kanga zake na rozari katika furushi, akatoka.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kwa kaka yangu, Ntobeye. Mwanamke akishatolewa mafiga yake nje, hangoji kuambiwa kwa mdomo."

Nilipiga magoti, udongo hadi viwikoni. Nilijaribu kueleza habari za kuni, za moshi, za misitu inayokwisha, na kila neno lilizidi kuharibu. Niliogopa kwelikweli. Nilimpenda yule mama, na nilikuwa nimemfukuza nyumbani kwake kwa ajili ya kujionyesha.

Hapo ndipo mwanafunzi wangu alipoingia uani, jembe begani.

"Shikamoo, mama," alimwamkia mama mkwe.

"Marahaba."

Akayatazama mawe, akatazama udongo, akanitazama mimi.

"Mwarimu, mbona umeyatoa? Sisi kule kambini tunayaacha ndani. Udongo tunauzungushia mafiga yenyewe, tunaacha mdomo mmoja wa kuni. Linakula kuni kidogo kuliko lile la kwenye daftari lako."

Hilo hakuwahi kuniambia darasani. Labda sikuwahi kunyamaza vya kutosha.

Mama mkwe alimgeukia. "Na mafiga yako wewe, ya nyumbani kwenu?"

"Niliyaacha, mama. Chungu kilikuwa juu. Maharage yalikuwa karibu kuiva."

Mama mkwe aliweka furushi chini. Alikwenda kwenye migomba, akainama, akarudi na jiwe moja amelikumbatia kifuani. Nilinyoosha mikono kumpokea. Akanipita, akamkabidhi mgeni.

"Liweke wewe la kwanza," alimwambia. "Huyu mtaalamu atatuletea maji."