Bunduki ya Kwanza ya Bwana Nyama

Baba alikuwa bwana nyama, mlinzi wa wanyamapori, kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumiliki bunduki. Aliyokuwa akibeba porini ilikuwa ya serikali. Siku aliyostaafu aliisafisha, akaikabidhi ghalani, akarudi nyumbani Makere mikono mitupu. Mama husema jioni ile baba hakujua hata aiweke wapi mikono yake.

Sifa yake kubwa ilikuwa kunyemelea. Wenzake walisimulia kwamba aliweza kumkaribia mnyama mpaka akasikia anavyotafuna. Hakupenda kupiga kwa mbali. Alisema ni uvivu. Kisha akaanguka na baiskeli kwenye daraja la magogo, goti la kulia likaumia vibaya, na tangu hapo akawa anachechemea. Kutambaa kwenye nyasi kukawa hakuwezekani tena.

Mwaka 2012 nilikuwa nafundisha sekondari mjini Kasulu. Nilipokwenda Makere likizo, baba alitukalisha mimi na mama sebuleni, akakohoa kama mtu anayetaka kuposa.

"Nataka kununua bunduki yangu mwenyewe," alisema. "Yenye darubini. Inayofika mbali."

"Mbali wapi?" mama akauliza.

"Kule nisikofika mimi."

Mama alicheka, kisha akaenda jikoni. Nilipomfuata nilimkuta anapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

"Mpeleke," akaniambia bila kugeuka. "Ila asinigusie fedha ya mabati."

Kwa hiyo nikawa mtu wa kufuatana naye. Tulianza na vibali: ofisi ya kijiji, kata, kisha polisi wilayani, ambako tulirudi mara nyingi kuliko nilivyotegemea. Askari mmoja kijana, mgeni kutoka Mtwara, alimtazama baba na fimbo yake akauliza, "Mzee wangu, bunduki ya nini uzeeni?"

"Mwanangu," baba akajibu, "ujanani nilikuwa napewa ya bure."

Kijana yule alicheka mpaka akafuta machozi. Sijui kama ndiyo sababu, lakini baada ya hapo mambo yalikwenda haraka kidogo.

Mjini Kasulu kulikuwa na mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mtu ambaye baba yake alitoka Tanga, na ambaye hata sisi Waha tukimsikia akiongea tulijikuta tunanyoosha Kiswahili chetu. Kila kiangazi alikata leseni akaenda kuwinda, na baba alimfahamu tangu enzi za kazi. Alikuwa na bunduki anayotaka kuiuza, karibu mpya: nyeusi tii, kitako cha plastiki, miguu miwili ya kukunja chini ya mtutu, na darubini nene kama chupa ya chai. Baba aliipapasa kuanzia kitako mpaka mtutu. Nilikuwa sijawahi kumwona amependa kitu waziwazi namna ile.

"Ijaribu kwanza," mfanyabiashara akasema.

Tulipata ruhusa ya kwenda kwenye machimbo ya moramu yaliyoachwa nje ya mji, tukiwa na askari mmoja. Baba alijilaza kifudifudi juu ya turubai, akachukua muda mrefu kulikunja na kulikunjua lile goti, kisha akasogeza jicho lake karibu kabisa na darubini, kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Nadhani mfanyabiashara alifungua mdomo kumwonya. Mlio ukatoka. Bunduki ikarudi nyuma kwa nguvu, na ukingo wa darubini ukampasua baba juu ya nyusi.

Damu ilitiririka mpaka kwenye ndevu. Lakini nilichokiona usoni mwake hakikuwa maumivu. Bwana nyama mzima, mbele ya askari na mbele ya mwanawe, amejeruhiwa na bunduki aliyoishika mwenyewe. Hakutaka kuinua kichwa.

Mfanyabiashara alipiga magoti kwenye vumbi na kanzu yake nyeupe, akavua kofia yake ya kushonwa kwa mkono, akasogeza nywele kando. "Nitazame, mzee wangu," alisema taratibu. Juu ya unyusi wake palikuwa na kovu lililopinda kama mwezi mchanga. "Hili nililipata siku yangu ya kwanza. Hakuna atumiaye darubini asiye na alama hii, ila wengine hujifanya waliangukia mlango."

Baba aliligusa kovu lile kwa kidole. Ndipo akakubali nimfunge kitambaa.

Kilichofuata sijakisahau. Yule bwana alikuwa na mteja aliyekwisha kuipenda bidhaa yake, akamkatalia. "Hii haikufai," alisema. "Wewe una mikono mirefu na kitako hiki ni kifupi, ndiyo maana uso wako umekwenda mbele. Tena fedha yako yote itaishia hapa. Utapata wapi ya risasi za kujifunzia? Tafuta bunduki ya kawaida, iliyotumika, mtutu wake uwe mzima. Hata ikiwa mbaya kwa sura. Darubini nitakutafutia mimi Dar es Salaam, ndogo, yenye kioo safi. Kioo ndicho usichokifanyia ubahili."

Baba aliitazama ile nyeusi mara ya mwisho, kama mtu anayeagana na mchumba stendi.

Ni huyo huyo aliyetuelekeza kwa mjane mmoja huko Kibondo. Mume wake alikuwa daktari aliyehamishiwa huko akapapenda, akabaki mpaka kifo chake, na bunduki yake ilikuwa imehifadhiwa polisi tangu siku hizo. Safari hii mama alisema naye anakwenda.

Bunduki yenyewe, tulipoonyeshwa kituoni, haikuwa na lolote la kupendeza. Mbao ya kitako ilikuwa imechubuka, na upande mmoja ilikuwa na alama za meno.

"Nini hii?" baba akauliza.

"Mbwa wake," mjane akajibu. "Alipokuwa mdogo alitafuna kila kitu cha marehemu. Vyangu hakuvigusa."

Baba alichomoa bolti, kile chuma kinachosukuma risasi, akauelekeza mtutu kwenye mwanga wa dirisha akachungulia ndani. Ulikuwa mzima, unang'aa. Kisha akaegemeza kitako begani, na hata mimi nisiyejua chochote niliona kimekaa mahali pake. Daktari yule naye alikuwa mtu mrefu.

Nyumbani kwa mjane tulipewa chai. Baba alikuwa amejiandaa kwa mapatano ya bei. Njia nzima alikuwa akinong'ona bei peke yake. Kumbe mama alikuwa amemfuata mwenyeji jikoni kumsaidia kumenya viazi. Tuliwasikia wakicheka, kisha sauti zikashuka, kisha wakacheka tena. Mama akatoka akipangusa mikono.

"Tumeshaelewana," akasema.

"Mmeelewana nini?"

"Bei. Kunywa chai."

Baba hakuuliza kiasi mpaka tulipotoka nje, na alipoambiwa alivua kofia, akarudi ndani peke yake kumshukuru yule mjane.

Miezi iliyofuata, darubini ilipofika kutoka Dar es Salaam, kila risasi aliyoweza kununua aliipeleka machimboni. Nilikuwa namchorea duara nyuma ya kalenda za zamani, nazibandika kwenye boksi mbali kiasi kwamba karatasi ilionekana kama jino. Alilaza bunduki juu ya mfuko wa maharage wa mama, akaacha nafasi ya kutosha mbele ya jicho, akashusha pumzi. Mwanzoni matundu yalitawanyika ovyo. Alikasirika, akajilaumu, akarudi tena wiki iliyofuata. Kidogo kidogo matundu yakaanza kukaribiana, mpaka siku moja nikamletea karatasi ambayo yote yalifunikwa na kiganja changu. Aliikunja akaitia mfukoni, akarudi nyumbani akiimba kwa Kiha wimbo ambao sikujua kwamba anaujua.

Kiangazi cha mwaka uliofuata alipata leseni ya kongoni mmoja. Tulikwenda maeneo ya wazi mashariki ya Kibondo: yeye, mimi, mfanyabiashara na askari wa wanyamapori. Tulimkuta dume amesimama juu ya kichuguu ng'ambo ya mbuga, mbali sana. Baba alijilaza. Kabla ya kulenga alimgeukia rafiki yake.

"Ukisikia mlio tu, kimbia na kisu chako. Sitaki ukose nyama."

Bunduki ikalia. Kongoni akapiga magoti, akalala. Mfanyabiashara alikuwa keshafika katikati ya mbuga, kanzu kaishika kiunoni, akimwita Mungu wake kwa sauti, naye askari nyuma yake.

Nilimwambia baba tungoje hapo, watamleta. Akatikisa kichwa, akanishika bega. Tulivuka mbuga ile polepole, tukipumzika kila kilipoonekana kichuguu cha kukalia, na uzito wake begani mwangu uliongezeka kadiri tulivyokwenda. Tulipofika tulimkuta mfanyabiashara ameketi kando ya mnyama, kisu kimekwisha kufutwa. Alikuwa amewahi kuchinja. Lakini hakuwa ameanza kuchuna.

"Nimekungoja," akasema. "Ni wako."

Baba alikaa chini, mguu mbaya ameunyoosha mbele, akaweka kiganja shingoni mwa kongoni. Nikamwangalia akipapasa yale manyoya mekundu, taratibu, mpaka akaomba maji.

Makere tulifika kesho yake mchana. Majirani walikuja na mabakuli, mama akawagawia, na paja zima akalifunga kwenye majani ya mgomba lipelekwe kwa mjane Kibondo. Baba aliketi barazani akiwasimulia wageni upepo ulivyokuwa, jua lilivyokuwa, jinsi dume lilivyogeuza kichwa. Katikati ya sentensi akasinzia. Wageni waliondoka kwa kunyata. Mama akaja akachutama mbele yake, akaanza kumfungua kamba za buti, kwanza ule mguu mbaya, polepole asimwamshe.