Siku Niliyovuta Pazia la Mkwe Newala

Habari hii nimeificha muda mrefu, na leo naisema kwa sababu najua mmeshaisikia kwa wengine, tena mmeisikia vibaya, kuna anayesema nilimkuta mama mkwe anaoga, jamani, hakuwa anaoga! Kama ni kuaibika, niaibike kwa kile nilichofanya, siyo kwa nyongeza za watu.

Mnanijua, mimi ni fundi cherehani, meza yangu iko pale pale sokoni Masasi. Zile zilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa, mitumba ndiyo inaingia kwa marobota, kila mtu anapata shati bila kupita kwangu, mimi nabaki nakanyaga cherehani kwa viraka na zipu. Ikifika alasiri nafunga, naenda bandani kwa Selemani, aliyekuwa na jenereta na deki ya video na televisheni, madirisha kayaziba kwa magunia. Huko ndiko nilikopotelea.

Nazipenda sana picha za Kihindi za nyimbo, ila naziangalia kama trafiki anavyoangalia leseni. Wengine wimbo ukianza wanatoka kwenda kununua karanga, mimi ndiyo nasogea mbele. Picha za ngumi hazinipi kitu, mwanzoni tu unamjua atakayekufa, lakini kwenye nyimbo ndiko unakojua nani anampenda nani, kwa sababu (nilivyoamini mimi) mtu akiongea anaweza kukudanganya, akiimba hawezi. Hata hivyo nilikuwa na maswali yangu. Wako mlimani wawili tu, ile ngoma anapiga nani? Wale wachezaji wote wametoka wapi, walijificha kwenye maua tangu asubuhi? Na yule dada anabadilisha nguo kila ubeti, mimi fundi bwana, blauzi ile na vile vifungo siimalizi kwa siku moja, yeye anazungushwa kwenye mti mara moja tu, ya kijani imeshakuwa nyekundu! Kuna namna. Hata Selemani mwenyewe nilimshuku, nje watu wakiwa wengi anaukimbiza wimbo ili picha iishe aingize wengine, nami nasimama gizani napiga kelele, "Selemani, rudisha kanda, umeruka ubeti!" na banda zima linanizomea.

Jambo moja tu nililiamini bila kuuliza. Kwenye zile picha steringi, yule kijana mkuu wa picha, anaanza kusikia sauti ya msichana, halafu ndiyo anamwona mwenyewe, na akishamwona basi, hana ujanja tena.

Sasa nilikwenda Newala kwa binamu yangu, kushona sare za shule. Siku hiyo napita kwenye ua mmoja wa mianzi, nasikia humo ndani kinu kinatwangwa na mtu anaimba kwa Kimakonde, sauti nzito kidogo, imetulia, haina haraka. Nikasimama. Mara mlango wa ua ukafunguliwa, akatoka msichana na ndoo kichwani, akanipita, akasema "Habari za saa hizi." Ni yeye! Nani mwingine? Kwenye picha huwa hatoki mwingine.

Huyo ndiye Zuhura. Nikarudi Masasi, nikamshika mjomba wangu Athumani miguu, naye akaenda kuposa, na nikamsisitizia awaambie wazee kwamba kilichonikamata ni sauti ya binti yao. Akawaambia. Wazee wakacheka, wakadhani ni yale maneno matamu ya posa, posa ikapokelewa. Nikawa nakwenda kusalimia, nakaa barazani nimetega masikio, na kila nikifika wimbo unakatika. Nikajua ananionea haya.

Mambo yalikuja kuharibika Selemani aliporudi kutoka Mtwara kuchukua kanda. Akanikuta nauchambua wimbo mbele ya watu, namsifia yule dada wa kwenye picha anavyovuta pumzi, akacheka mpaka akashika mbavu. "Fundi, yule haimbi! Anachezesha mdomo tu. Anayeimba ni mama mmoja mtu mzima, yuko chumbani huko na kipaza sauti, hata sura hana." Nikabisha. Akaapa, kaambiwa na Mhindi mwenyewe anayemuuzia kanda.

Miaka yote nachunguza ngoma na blauzi, kumbe wizi wenyewe uko mdomoni! Na nilipolala nikaanza kumfikiria Zuhura. Mbona sijawahi kumwona akiimba kwa macho yangu? Mbona nikifika wimbo unakatika? Kuna namna. Mimi siyo mtu wa kuchezeshewa mdomo.

Basi nikamwambia mjomba, siku tunayokwenda kupanga tarehe ya ndoa awaombe Zuhura aimbe mbele yangu. Ni hilo tu, dogo kabisa. Mjomba akasema, "Haya, nitafikisha."

Tulipofika tukapokelewa vizuri, shikamoo na marahaba zikapita, tukakaa kwenye mikeka sebuleni, mjomba wake Zuhura ndiye mwenyeji, sinia la wali na kuku wa korosho likawekwa mbele yetu. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa na pazia jipya la kitenge, limepitishwa kwenye kamba (na pindo lake limeshonwa ovyo, nililiona mapema). Wakaingia wasichana, Zuhura katikati, wakaanza kupiga makofi. Na ile sauti ikatoka. Ile ile! Nzito, imetulia, haina haraka. Nikamtazama Zuhura mdomoni. Mdomo unafunguka sauti ikiwa imeshatangulia. Nikasogeza kichwa kulia, nikasogeza kushoto. Sauti inatoka nyuma ya pazia.

Mjomba wangu akaniona, akanong'ona, "Rashidi, kaa chini." Nilikuwa nimeshasimama, na sijui nani aliyenisimamisha. Nikaruka sinia, nikashika lile pazia, nikavuta kwa nguvu zangu zote, kamba ikang'oka na msumari wake, nami nikapiga kelele, "Nimewakamata!"

Ndani, kwenye mkeka, alikaa mama wa Zuhura. Kanyoosha miguu, kichwa wazi, ungo wa mchele mapajani, mdomo bado uko wazi kwenye wimbo.

Ninyi mnajua mkwe ni nini kwetu. Mkwe humtazami usoni, ukimwona njiani unaingia kwenye mikorosho mpaka apite, miezi yote ile ya uchumba sikuwa naijua hata sura yake, na yeye alikuwa ananyamaza kila akisikia nimefika, ndiyo adabu yenyewe. Maskini mama wa watu hakuwa na kanga karibu, akanyanyua ule ungo akajifunika nao uso, na mchele wote ukammwagikia kichwani. Mimi kurudi nyuma kwa hofu, nikakanyaga mtungi wa maji uliokuwa karibu na mlango, mtungi ukapasuka, na maji yale wasichana waliyapandisha kutoka bondeni tangu alfajiri (maji ya Newala, jamani, mnayajua!) yakatembea kwenye mkeka mpaka chini ya makalio ya wazee.

Mjomba wake Zuhura hakupandisha sauti. Akauliza, "Umemkamata nani, baba?"

Hapo ningenyamaza, ningeweza kusema kichwa kinaniuma, homa, lolote. Lakini mimi nikaanza kueleza! Nikaeleza habari za Wahindi, za kipaza sauti, za kuchezesha mdomo, nikamalizia, "Mmenificha! Sauti niliyoipenda mimi siyo ya Zuhura, ni hii ya huku ndani!" Na maneno yalipokwisha kutoka ndiyo na mimi nikayasikia.

Yule mjomba wake Zuhura akasema taratibu, "Kwa hiyo ile sauti iliyokukamata ni ya mama yake."

Kicheko kilianza kwa shangazi mmoja dirishani, kikaingia kwa wasichana, kikatoka nje mpaka kwa majirani. Mjomba wangu alivua kofia akajifunika nayo uso. "Hakuna aliyekuficha kitu," akaniambia humo humo ndani ya kofia. "Mimi niliwaambia kijana anapenda kupokelewa kwa nyimbo. Ningemwambiaje mtu mzima mwenzangu kwamba binti yake apimwe sauti kama redio dukani?" Kumbe wenyewe walikuwa wananikirimu, na mama ndiye anayeanzisha nyimbo za nyumba ile tangu zamani, wengine wanaitikia, na siku ile aliimba kwa sababu tu pazia lilikuwa linamsitiri.

Nilitoka nje bila viatu. Nilikuwa nimefika barabarani Zuhura aliponikuta, kanishikia viatu vyangu mkononi, amekasirika mpaka pua inatetemeka.

"Mimi siimbi," akasema. "Nikiimba kuku wanakimbia."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini? Unakuja kwetu unakaa barazani na masikio yako kama unasubiri taarifa ya habari. Umeniuliza hata nakula nini? Nalala wapi? Umeniuliza kama nakutaka?"

Nikamwambia namtaka yeye, sauti baadaye. Akaniangalia juu mpaka chini, vile vile ninavyowaangalia wale wachezaji wa mlimani. "Sikuamini," akasema, akaviweka viatu chini, akaondoka.

Ilibidi tulipe faini ya mbuzi na doti za kanga kumfuta mama aibu, na mtungi mpya wa maji nikaupandisha mwenyewe kutoka bondeni huku watoto wananifuata. Zuhura alinichunguza mpaka korosho zikaisha mashambani, anauliza leo hiki kesho kile, nami najibu, na mimi pia nikaanza kuuliza. Mwishowe akakubali. Tumeoana, tuna watoto, sina malalamiko.

Ila tangu siku ile mama mkwe haimbi nikiwa Newala. Nikifika tu anajua, kinu kinaendelea kutwangwa lakini kimya, na nyumba nzima inanyamaza naye. Siku moja Zuhura alilia. Akasema hajawahi kulala kwao bila kumsikia mama yake. Sikujua niweke wapi uso wangu.

Pazia la mtu sitalivuta tena, hata nyuma yake wawe wanapanga kuniua. Na siku hizi nikimpeleka Zuhura kwao nashuka naye njia panda, nampa mzigo wake, napanda gari la kwanza linalorudi Masasi. Akirudi namuuliza kama mama kaimba. Ananiambia kaimba, na hilo ndilo jambo pekee maishani mwangu ambalo sijawahi kulichunguza.