Mtogwa wa Juu ya Mlima

Tangu mvua zianze nimekuwa nikiupanda mlima wa Ipogolo kwenda mjini kwa miguu, mimi ambaye safari yangu ndefu ilikuwa kutoka kitandani hadi jikoni. Daktari alinitisha: sukari isiposhuka hadi kliniki ijayo, naanza sindano. Mama yetu naye alianza na sindano. Tulimzika akiwa na mguu mmoja.

Basi nikaacha sukari kwenye chai. Nikaacha soda. Ugali nikaupunguza hadi ukabaki wa kulishia kifaranga. Na kila asubuhi nikapanda, nikihema kama lori la vitunguu linalopandisha Kitonga.

Wiki iliyopita, kliniki ikiwa imekaribia, nilikwenda kwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, anayeuza mchele wa Madibira. Ana mizani ya magunia.

"Nivue viatu?" nikamuuliza.

"Vua na sweta, shemeji. Lakini usivisingizie."

Nikapanda. Akatazama, akanitazama, akatazama tena.

"Umeongezeka."

"Mizani yako mbovu."

"Wateja wote husema hivyo nikiwapimia. Hebu niambie ukweli, huko mlimani unakula nini?"

"Sili kitu! Nikifika juu nakunywa mtogwa tu, nipoze koo."

Shemeji akakalia gunia akicheka, machozi yakamtoka.

"Mtogwa! Kila siku?"

"Siyo pombe," nikajitetea. "Ulanzi ukichacha ukawa pombe siugusi, mimi mtu wa kanisa. Huu ni ule wa asubuhi, umetoka kwenye mwanzi sasa hivi. Hata watoto wanakunywa."

"Shemeji, ule utamu unafikiri mwanzi umeutoa wapi? Umeacha kijiko cha sukari nyumbani, unakwenda kunywa jagi mlimani!"

Mdogo wangu, aliyekuwa anapepeta mchele pembeni, hakucheka. Ndiye aliyemuuguza mama.

"Dada," akasema, "acha tu huo mtogwa. Uendelee kupanda."

Nikamwambia sawa. Lakini nilipokuwa nikifunga viatu nilijua nimedanganya. Mlima haukuwahi kunivuta. Kilichonivuta ni yule mama muuza mtogwa wa juu, aliyekuwa akiniona kwenye kona ananisalimu kwa Kihehe, "Kamwene, dada, njoo!" na huku ameshamimina. Ukiondoa kile kikombe, hakuna mlima. Kuna mimi na jiko langu.

Leo ndiyo asubuhi ya kliniki. Mvua inapiga bati. Wiki nzima sijanywa mtogwa, na wiki nzima sijapanda. Viatu viko mlangoni, vimekauka vizuri kabisa. Nimemaliza chai yangu isiyo na sukari, chungu kama adhabu, nikanyoosha miguu karibu na mkaa nikaitazama. Yote miwili. Ina vidole vya mama, vifupi, vilivyopinda kidogo kwa nje.

Mdogo wangu anapiga hodi. Amekuja kunisindikiza.