Mtunzi wa Wimbo wa Nailoni

Sikwenda kwenye lile darasa kujifunza. Nilikwenda kulikagua. Nilikuwa mkaguzi wa shule mpaka nilipostaafu, na mtu aliyezoea kukaa nyuma ya madarasa ya wenzake akishusha miwani puani haachi tabia hiyo kwa sababu tu ameagwa kwa keki na saa ya ukutani.

Tamthilia za televisheni zilikuwa zimeniudhi. Kila mjane niliyemwona humo ama anamtilia mtu sumu kwenye chai, ama analia sebuleni huku mashemeji wakiipima nyumba kwa macho. Mimi ni mjane. Sijamtilia mtu chochote isipokuwa sukari, na mashemeji zangu wakija hupiga hodi. Nikapiga simu kituoni kulalamika. Nilizungushwa kutoka ofisi hadi ofisi, mwisho nikaangukia kwa kijana mmoja mhariri wa picha. Alinisikiliza mpaka pumzi ikaniishia, kisha akasema kwa adabu, "Mama, Jumamosi nafundisha darasa la watu wazima. Njoo uone tunavyofanya, halafu unigombeze vizuri."

Katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kunialika nimgombeze. Nikajiandikisha.

Darasa lilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya umeme. Mapazia yalibanwa kwa vibanio vya nguo ili mwanga usiharibu picha ukutani. Nilivaa suti yangu ya ukaguzi na kukaa nyuma kabisa. Mbele yangu alikaa msusi mmoja aliyetaka kuandika michezo, na kando yake kijana mwenye kupiga muziki kwenye sherehe ambaye wenzake walimwita Spika, kwa sababu hakujua kunong'ona.

"Shikamoo Bi Mkaguzi!" alinisalimu siku ya kwanza, na darasa zima likageuka.

"Marahaba. Punguza sauti, mwanangu. Niko hapa hapa."

"Hii ndiyo ya chini, mama."

Kabla ya mapumziko tulisoma tamthilia, baada ya mapumziko tulisoma mambo ya muziki. Mwalimu, yaani yule mhariri wa picha, alituonyesha jinsi kamera inavyousogelea uso wa mtu mpaka ukaona jasho juu ya mdomo, na jinsi kipindi kinavyokatwa pale pale mtu anapofungua mlango, ili wewe ubaki wiki nzima ukijiuliza nani yuko nje. Niliandika pembeni: *Hila. Haifai.* Halafu nikaenda nyumbani na wiki nzima nikajiuliza nani yuko nje. Siku ya kipindi kilichofuata niliwahisha chakula cha jioni, nikachomoa simu, na wifi yangu alipobisha hodi nilimwambia aingie bila kusema kitu.

Wifi ni dada wa marehemu mume wangu. Tumekaa jirani tangu nilipoolewa, na kwa miaka yote hiyo hajaacha kunichungulia.

"Wewe si ulisema mambo haya ni ya watu wasio na kazi?" aliniuliza.

"Nafanya utafiti. Kaa kimya."

"Utafiti wenyewe unatoa machozi, wifi?"

Nilimwambia ni kitunguu. Hakukuwa na kitunguu.

Jumamosi moja, baada ya mapumziko, mwalimu alisema somo la siku hiyo ni mali ya wimbo. Alieleza kwamba wimbo una wenyewe wawili. Mmoja ni aliyeutunga, maneno na sauti yake. Mwingine ni aliyeurekodi. Ukanda unaweza kuwa wa studio, lakini wimbo ukabaki wa mtunzi hata akiwa kaburini. "Sasa nitawapigia mfano," akasema. "Mnaujua wote."

Ulikuwa wimbo unaofungua ile tamthilia yangu. Kwenye televisheni hupigwa kinanda tupu, tena kwa kasi, na mimi huwa jikoni nikimimina chai. Sasa aliupiga kama ulivyorekodiwa zamani, gitaa na sauti ya mwanamume:

*Karibu mgeni ndani,*
*karibu, ila simama,*
*kochi lina nailoni,*
*tuketi wapi, we mama?*

Darasa likaangua kicheko. Msusi alijipiga paja. "Jamani huyo mwanamke! Huyo namjua, yuko kila mtaa!"

Mimi nilikuwa nimeshika kalamu kama mtu aliyeshika waya wa umeme. Ile sauti ilikuwa ya mume wangu. Na huyo mwanamke wa kila mtaa alikuwa amekaa nyuma, amevaa suti.

Niseme ilivyokuwa. Marehemu alikuwa mpima ardhi, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa, na watu walimheshimu. Mwisho wa juma alipiga gitaa katika bendi. Hilo sikulitangaza, lakini sikumkataza. Tulipopata makochi yetu ya kwanza, ya kitambaa chekundu, niliyaacha kwenye nailoni ya dukani ili yasichafuke. Mgeni akikaa yalilia kama bata, na jasho likimshika ilibidi ajibandue. Nilipenda watu wakae kwenye viti vya mbao. Basi ukatokea ule wimbo. Nilipomuuliza unamhusu nani, alisema mke wa rafiki yake. Nilijifanya nimeamini, naye akajifanya ameamini kwamba nimeamini. Ndoa yetu ilikuwa na adabu sana.

Santuri ilitoka na jina la bendi tu. Baadaye bendi ikavunjika, wenzake wakatangulia mmoja mmoja, kisha naye akawafuata. Katika familia yetu wimbo ule haukutajwa. Nilidhani ni siri.

"Huu," mwalimu aliendelea, "ni wimbo usio na mwenyewe. Tumetafuta, hatukumpata mtunzi. Msimu mpya ukianza utaandikishwa kama wimbo wa asili, mtunzi hajulikani. Baada ya hapo akija mtu kusema ni wake, atahangaika sana."

"Msimu mpya unaanza lini?" nikauliza.

"Karibuni, mama. Wanafunga orodha ya majina baada ya wiki mbili."

"Na mtu akija kabla ya hapo?"

"Alete ushahidi. Wanakuja wengi kusema wimbo ni wa baba yao. Mmoja alikuja kusema ni wake mwenyewe, na umri wake ni mdogo kuliko santuri."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, tena kwa nguvu kuliko wote, nikafunga mkoba wangu nikaondoka.

Wiki ile sikuwa na raha. Mume wangu alikuwa anageuzwa hajulikani, yeye ambaye hata mawe ya mipaka aliyaandika herufi zake. Na ushahidi niliujua. Wimbo ulikuwa na ubeti wa mwisho ambao haukuingia kwenye santuri, kwa kuwa santuri ilikuwa fupi. Niliusikia nyumbani tu, akiuimba bafuni siku aliyodhani nimeenda sokoni. Nilisimama ukumbini na kapu langu mpaka akamaliza, kisha nikatoka kimya kimya na kuingia upya nikigonga mlango kwa kishindo. Ikiwa ukanda mzima uko studio, ubeti ule utakuwepo, na hakuna mwingine aliye hai anayeujua. Ila ubeti wenyewe unasema mwimbaji ni nani kwa yule mwanamke. Nikiuimba, jina la marehemu litasimama, nami nitakuwa kichekesho mpaka nizikwe, na baada ya kuzikwa wajukuu watarithi.

Nilijaribu njia za mkato. Nilifikiri kumpigia mwalimu na kubadili sauti. Nilifikiri kumtuma wifi aseme anaujua yeye, lakini wifi hawezi kushika wimbo hata ukiwa na mpini. Siku moja nilijikuta nimesimama mbele ya kioo nikijisogelea polepole, kama kamera, nione kama uso wangu unaonyesha uamuzi. Ulionyesha kwamba nahitaji miwani mipya.

Jumamosi nilikaa mbele. Mwalimu alipouliza kama kuna maswali, nilisimama.

"Mwalimu, ule ukanda wa wimbo wa makochi, unao wote?"

"Ninao, mama. Studio walinipa. Una ubeti mmoja wa mwisho ambao haujawahi kutoka."

"Usiupige. Kuna mtu hapa ameusikia?"

"Hapana. Mimi tu."

"Basi sikiliza."

Sijawahi kuimba mbele ya watu. Shuleni, kwenye nyimbo za asubuhi, nilikuwa nafumbua mdomo tu. Nilishika meza, nikaanza juu mno, nikashuka, nikaanza tena:

*Ukiniuliza jina,*
*sina la kukutajia,*
*ni mume wake, bayana,*
*nami chini nakalia.*

Hata Spika alikuwa kimya, jambo ambalo sikujua linawezekana. Mwalimu alinitazama, akatazama kompyuta yake, akabonyeza. Sauti ya mume wangu ikaimba neno kwa neno yale niliyoimba, ila yeye hakukosea kuanza.

"Mama," mwalimu akasema taratibu, "huyu ni nani?"

"Ni mume wangu. Alikuwa mpima ardhi. Sitaki kitu kingine, nataka jina lake liandikwe, lake na la baba yake."

"Kwa hiyo yule mwanamke wa nailoni..." msusi akaanza, kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Ndiye mimi," nikasema. "Na makochi ninayo mpaka leo, na nailoni yake. Ukija utakalia kiti cha mbao."

Hapo Spika akapata sauti yake. "Bi Mkaguzi, baba alikuwa anakaa chini kweli?"

"Sakafu ilikuwa inang'aa, mwanangu. Hakuchafuka."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimejiandaa kwa aibu. Nilinyoosha mapazia kwanza, maana aibu ikinikuta nataka inikute nyumba ikiwa safi, halafu nikamwita wifi ili asikie kwangu kabla hajasikia sokoni. Nilimkalisha. Nilianza mbali, na habari za heshima ya ukoo, na kaka yake, na sanaa. Wifi alikunywa chai yote.

"Wifi, sema. Nani kafa?"

"Ule wimbo wa makochi. Nimesema leo, mbele za watu, kwamba ni wa kaka yako. Na kwamba yule mwanamke ni mimi."

Alishusha kikombe kwenye kisahani. Kisha bega likaanza kumtikisika, na baadaye mwili mzima, mpaka kikombe kikagongana na kisahani.

"Wewe ulidhani nani hajui?"

"Nani anajua?"

"Nani asiyejua! Fundi aliyeziba bomba lako aliujua. Mashemeji zako wote. Kwenye harusi ukiingia ndani si muziki hubadilishwa? Ulidhani ni kwa nini?"

"Nilidhani ni heshima."

"Ilikuwa ni heshima, wifi! Tulikuwa tunakuheshimu huku tunakufa kwa kucheka."

Nilitaka kukasirika. Nilitafuta hasira kila mahali nilipozoea kuiweka, sikuipata. Nilikumbuka harusi zote nilizoingia kichwa juu, nikidhani muziki unabadilishwa kwa ajili ya suti yangu.

Msimu mpya ulipoanza walijaa sebuleni kwangu. Msusi alikuja na mashoga zake wawili, Spika alikuja na mdomo wake, mwalimu akatuma salamu kwa kuwa alikuwa kazini. Nailoni sikuitoa. Walikaa juu yake wakitoa zile sauti, wakichekana, nami nikavumilia. Mwisho wa kipindi majina yakaanza kupanda. Nilivaa miwani mipya, nikainama, na jina la marehemu likapita mbio kama mtu anayekwepa mvua.

"Limepita!" nilipiga kelele. "Mmeliona? Mimi sijaliona!"

"Tulia mama, linarudishwa," akasema Spika. Akanyakua rimoti ya king'amuzi, akarudisha nyuma, akapitiliza, akarudisha tena, akasimamisha.

Lilikuwa pale, herufi ndogo nyeupe kwenye weusi. *Wimbo: umetungwa na kuimbwa na.* Kisha jina lake, la baba yake, na la babu yake ambalo sikuwa nimeliomba. Wifi aliinuka akasogea mpaka kwenye kioo cha televisheni, akalisoma kwa sauti, na alipolimaliza hakucheka.

"Niendelee, Bi Mkaguzi?" Spika akauliza, kidole juu ya rimoti. Safari hii alinong'ona.

"Usiguse," nikamwambia.

Nikaenda kuleta chai. Tulikunywa yote, picha ikiwa imesimama vile vile.