Kisahani Kisichorudi Kitupu

Nilichoka kuulizwa, jamani. Kila jioni nikishuka uwanjani Komarock na visahani vyangu vya plastiki, lazima atokee mtu: "Buda, umeanza kutupa vifuniko vya ndoo?" Nilikuwa nimeshaeleza mpaka mate yakakauka kwamba huu ni mchezo, una mashindano, unarusha kisahani mpaka kiingie kwenye kikapu cha minyororo. Wanacheka, wanaenda zao.

Na visahani vyenyewe havikunisaidia. Nikirusha, vinakunja kushoto. Nikibadilisha mguu, kushoto. Kimoja tu, cha bluu, ndicho kilichonielewa. Nilikipaka nukta ya rangi nyekundu ya kucha upande wa chini ili kisipotee, maana Jumamosi mwalimu wetu wa mchezo alikuwa anachagua watakaokwenda mashindanoni. Masharti: usimame goli hili, kisahani kipite goli lile. Nina miaka arobaini na kitu na sijawahi kuchaguliwa kwa lolote, hata kuimba shuleni. Safari hii nilitaka.

Alhamisi, kwenye ukingo wa uwanja kulikuwa na hema la harusi. Upepo ukakibeba kile cha bluu mpaka kwa kina mama waliokuwa wakiosha vyombo. Nilipofika nikihema, vyombo vimeshafungwa kwenye magunia, vimekwenda. Sasa, mtaani kwetu vyombo vya shughuli huazimwa nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ina alama yake chini ya sahani: huyu uzi, huyu rangi. Nukta nyekundu ni ya Bi Mkubwa, jirani yangu wa chini, mzaliwa wa Majengo. Nilijua kabla sijaambiwa kisahani kimelala wapi.

Nikabisha kesho yake. "Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

Kisahani changu kilikuwa mezani, kimejaa vitunguu vilivyokatwakatwa. Nikaeleza. Akakigeuza, akaiona nukta, akacheka mpaka akashika kiuno. "Nami nasema, sahani gani hii, nyepesi hivi! Basi nitakuletea mwenyewe."

"Nipe tu hivyo hivyo, mama. Kesho asubuhi nakihitaji uwanjani."

"Hivyo hivyo vipi? Nikurudishie chombo kitupu? Watu watanionaje?"

"Ni cha kuchezea tu, si chombo!"

"Kimekaa jikoni kwangu, ni chombo. Kesho nitakuletea huko huko uwanjani."

Nilibembeleza, nikanuna, wapi! Yule mama akishasema amesema. Nikapanda ngazi nikiongea peke yangu kama kichaa.

Jumamosi tulipewa mitupo mitatu kila mtu. Wa kwanza, kwa kisahani kingine: kushoto. Wa pili: kushoto, karibu nimng'oe mtu jicho. Nilitaka kulia kwa hasira. Ndipo nikamwona Bi Mkubwa anakuja na buibui lake, polepole, mikono miwili mbele, amebeba kisahani changu na mlima wa pilau uliofunikwa leso.

"Pole, mwanangu, nyama ilikataa kuiva."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Pilau ikamiminwa kwenye kifuniko cha ndoo, cha kweli hiki, na mwalimu akawa wa kwanza kutia mkono. Nikasugua kisahani kwa fulana, nikasugua kwa nyasi. Samli haikutoka yote. Nikarusha hivyo hivyo.

Kilikwenda sawa, kimenyooka, wallahi, mpaka watu wakaacha kutafuna. Kisha kikaanguka hatua chache tu kabla ya goli. Mwalimu akatikisa kichwa, akaita mwingine.

Bi Mkubwa ndiye aliyekwenda kukiokota. Akakifuta kwa leso, akaniletea, akauliza kwa nini sura yangu imekuwa hivyo. Nikamwambia kwa ukali kabisa: nilikuwa nachaguliwa, sikuchaguliwa, basi.

Kicheko chote kikamtoka usoni.

"Mbona uliniambia ni cha kuchezea tu?" akasema. "Ungeniambia unachaguliwa, ningekuletea kitupu. Wangesema watakavyo."

Akanivuta mkono mpaka kwenye kile kifuniko, akawafukuza wenzangu, akanikusanyia pilau iliyobaki pembeni. Nikala na hasira yangu, naye amesimama juu yangu akinikinga jua.